Fausta Wawili

Bangili ya Fausta iligeuka nyeupe Jumanne saa tatu asubuhi, mwenyewe amekaa barazani anamenya njegere. Kwa miaka sita ilikuwa ya kijani. Gaudensi, mumewe, ndiye aliyeiona. Alikuwa anatoka ndani na vikombe viwili vya chai. Akasimama mlangoni, chai ikamwagikia vidole, wala hakusikia moto wake.

"Fundi," Fausta akamwambia bila kuinua macho, "njoo ukae huku juani. Hapo mlangoni baridi itakukata masikio."

Miezi mitatu sasa alikuwa akimwita fundi. Hakukosea, kwa kuwa Gaudensi alitengeneza pampu za maji maisha yake yote katika vijiji vya milimani juu ya Njombe, na hata sasa, na miaka yake sitini na tisa, watu walimletea mota zilizoungua. Lakini Fausta hakumwita hivyo kwa kukumbuka kazi yake. Alimwona na bisibisi mfukoni, basi. Kwake yeye huyu alikuwa mtu mwema aliyekuja kutengeneza kitu, akachelewa kuondoka.

Bangili ile husoma namna moyo unavyoshtuka mtu anapoona uso anaoujua, hata kama jina limempotea. Moyo wa Fausta ulikuwa haujashtuka kwa siku mia moja mfululizo. Hicho ndicho kipimo, na hakuwekewa na daktari wala serikali. Alijiwekea mwenyewe, akili zake zikiwa timamu, mbele ya msajili na mbele ya Gaudensi, ambaye siku hiyo alimshika mkono akaahidi kwamba muda ukifika hatazuia.

Gaudensi akaketi. Akampa kikombe kimoja. Jua lilikuwa zuri, na ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka mashamba ya chai kule bondeni.

"Bangili yako imebadilika," akamwambia.

Fausta akaitazama, akaigeuza geuza. "Nyeupe ni nzuri," akasema, akarudi kwenye njegere zake.

*

Msajili alifika Alhamisi. Jina lake Mwajabu Chiduo, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevaa koti zito la kuazima, kwa sababu Dodoma alikotoka hakuna baridi ya namna ile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu ndani. Pole na safari."

Akaweka mezani kisanduku cheusi, kidogo kama redio, chenye jicho moja la kioo upande wa mbele. Kisha akakunjua karatasi.

"Nitasoma, mzee. Yote unayajua, ila sheria inanitaka nisome."

Akasoma. Kwamba Fausta Mbilinyi, mpima ardhi mstaafu, aliacha akiba ya nafsi yake. Kwamba akiba hiyo itakaa nyumbani siku saba, ione hali ilivyo, kisha itoe kauli ya mwisho: Fausta aendelee kuishi au apumzishwe. Kwamba kauli ya akiba ni kauli ya Fausta mwenyewe. Kwamba mtu mmoja tu, ambaye Fausta alimtaja kwa jina, anaweza kuipinga, mara moja, kwa kiapo, kama ana hakika kwamba Fausta aliye hai anataka kuishi.

"Anataka," Mwajabu akarudia, kidole juu. "Si kwamba hajakataa. Hata kuku hajakataa kuishi, mzee, unisamehe kwa mfano huo. Ukipinga, nitataka unionyeshe huko kutaka."

"Na hiki kisanduku?"

"Ukipinga na pingamizi likakubaliwa, akiba inafutwa papo hapo. Usipopinga, inafutwa baada ya maziko. Kwa vyovyote vile haibaki. Sheria haitambui watu wawili wenye kitambulisho kimoja."

Gaudensi akaitikia kwa kichwa. Msajili akatoa kifunguo chembamba, akakiingiza nyuma ya kisanduku, akakizungusha. Jicho la kioo likawaka taa hafifu.

"Gaude?"

Hakuna mtu ila Fausta aliyewahi kumwita hivyo, na miaka miwili ilikuwa imepita tangu alisikie mara ya mwisho. Gaudensi akashika ukingo wa meza.

"Nipo."

"Sauti yako imezeeka. Umepita muda gani?"

"Miaka sita."

"Sita! Mimi nilikisia minne. Niko wapi?"

"Uko barazani," Gaudensi akasema. "Unamenya njegere."

*

Ile akiba ilitengenezwa kwa siku arobaini. Fausta alilazwa hospitali, akavalishwa kofia ya nyaya, akaulizwa maswali kuanzia alfajiri: uchungu ni nini, nani alikukosea, ungefanyaje ukikuta jirani amesogeza mpaka wa mjane. Alionjeshwa vyakula, akasikilizishwa vilio, akakasirishwa makusudi. Walichokitoa humo hakikuwa picha wala kanda ya sauti. Kiliweza kubisha, na kiliweza kununa.

Gaudensi alikipeleka kisanduku kibandani kwake, kwenye pampu zake. Alijiambia ni kwa sababu huko ndiko kuna utulivu. Ijumaa nzima alikaa nacho. Alimweleza mkewe habari za miaka sita: nani ameoa, nani amezikwa, binti yao Benigna alivyopata kazi Singida kwenye mitambo ya umeme wa upepo. Alipofika kwenye kifo cha kaka yake, Fausta wa kisandukuni akalia kwa namna yake, pumzi ndefu bila kwikwi, vilevile kama zamani. Baadaye wakamcheka diwani wa zamani aliyedai kilima kizima ni cha babu yake. Gaudensi alicheka mpaka akakohoa. Ndani ya nyumba ile mtu alikuwa hajacheka hivyo muda mrefu, au tuseme alikuwa akicheka Fausta peke yake, kwa vitu ambavyo Gaudensi hakuviona.

Mambo hayo hayakuwa ya kumwambia jirani. Tangu bangili igeuke nyeupe, majirani walipita njia ya juu. Hawakuwa watu wabaya. Hawakujua tu kama waje na pole au waje na hongera ya subira, wakaona heri wasije. Benigna alipiga simu mara moja, akasema, "Baba, utakaloamua mimi nitalikubali," na Gaudensi akashukuru, akakata simu, akabaki ameishika mkononi.

Jumamosi alirudi kibandani mapema zaidi. Jua lilipofika utosini ndipo alipokumbuka chakula. Akatoka, akakuta baraza tupu. Sinia la njegere lilikuwa chini, kiatu kimoja kwenye ngazi.

Alimwita. Alizunguka nyumba, akashuka bondeni akikimbia kwa magoti yake mabovu. Alimkuta mpakani mwa shamba la chai, amesimama katikati ya magugu, soksi zimelowa tope, kiganja chake juu ya jiwe la mpaka.

"Fundi, afadhali umekuja," Fausta akasema. Hakuwa na hofu hata chembe. "Hili jiwe limehamishwa. Lilikuwa pale, hatua mbili."

"Twende nyumbani, utaugua."

"Hatua mbili," alisisitiza, akajiachia kushikwa mkono.

Gaudensi alimwosha miguu, akambadilisha nguo, akamlisha. Ndipo akarudi kibandani na kumweleza yule mwingine. Kisanduku kikasema, "Jiwe la upande wa kaskazini? Ni kweli. Lilisogezwa mwaka ule wa maporomoko. Nilikusudia kulirudisha."

"Unaona? Amekumbuka."

"Miguu ndiyo imekumbuka, Gaude. Yeye hajui hata jiwe ni la nini." Kisha, kwa sauti kavu: "Ulikuwa huku na mimi alipopotea?"

Gaudensi akageuza uso kutazama mlango.

"Siku tatu nimefika na hujanipeleka kumwona. Sheria inasema nione. Unanificha, au unamficha yeye?"

"Nilikuwa na hamu na wewe," Gaudensi akasema.

"Najua. Lakini mimi sikuja kukaa. Ulimwona mama yangu. Miaka kumi na moja katika chumba cha uani. Mimi ndiye niliyemlisha, ndiye niliyemwosha, na alikufa akiniita mwizi. Nilimpenda mpaka mwaka wa nne. Saba iliyobaki nilikuwa namsubiri afe, na kila asubuhi nilikuwa najichukia kwa kumsubiri. Sitaki unisubiri hivyo. Wewe bado unanipenda?"

"Nakupenda."

"Nani kati yetu?"

Nje Fausta alikuwa anaimba wimbo wa kanisani, maneno yamechanganyika, sauti imetulia. Gaudensi akachukua bisibisi, akaanza kufungua pampu isiyo na ubovu.

*

Jumatatu alikibeba kisanduku mpaka barazani, akakiweka kwenye kigoda mbele ya Fausta. Fausta akakiinamia kwa adabu kama mtu anayepokea mgeni.

"Kamwene," akakisalimu.

"Kamwene," kisanduku kikajibu.

Fausta akafurahi. "Inaitikia! Sauti yako ni ya mtu aliyechoka, dada. Umetoka mbali?"

"Mbali."

"Basi pumzika. Huyu fundi atakupa chai. Anapika vizuri, ila anazidisha tangawizi."

Gaudensi alitazama pembeni. Sauti ile moja ilikuwa inatoka sehemu mbili: huku ina makali, kule imelainika kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi.

"Unalijua jina lako?" kisanduku kikauliza.

Fausta akafikiri kwa uaminifu. "Nilikuwa nalijua."

"Huoni aibu kutolijua?"

"Aibu ya nini? Wanaoniita wanalijua."

"Unaogopa nini?"

"Mbwa wa kule chini. Na maji ya kichwani."

"Hakuna kingine? Hujawahi kuamka ukaona umepotea?"

Fausta akaacha kumenya. Uso wake ukawa na kivuli, na Gaudensi alikijua, maana alikuwa akikiona asubuhi kadhaa. "Ninapoamka, ndiyo. Kila kitu si changu. Halafu nasikia mtu anapiga piga vyuma huko nyuma, nasema, ah, kumbe kuna mtu."

Kisanduku kikaendelea. "Ukiambiwa kesho ulale, usiamke tena, usiumie hata kidogo. Utakubali?"

"Kesho?" Fausta akatazama sinia, akamtazama Gaudensi, akarudisha macho kwa mgeni wake. "Hapana, dada. Nani atakaa na huyu? Mwangalie. Hana mtu."

Fausta, alipoona mazungumzo yamekwisha, akaanza tena kumenya.

Walipokuwa ndani peke yao, kisanduku kikasema: "Yule si mimi."

"Ni nani, basi?"

"Sijui. Ni mwema kuliko mimi. Mimi katika hali ile ningetukana watu. Lakini mwili ule ni wangu, Gaude. Nimeutembeza juu ya vilima hivi miaka sitini, nimeuzalisha, nimeuuguza. Yeye kaukuta tu."

"Kaukuta, ndiyo. Lakini sasa anakaa humo. Wewe mwenyewe ulikuwa unawaambia watu kwenye mashauri: muulizeni kwanza anayelima."

"Usinigeuzie kazi yangu."

"Sikugeuzii."

"Leo ni siku njema. Mama naye alikuwa nazo. Zilitudanganya miaka kumi na moja, zile siku njema. Kila tulipokuwa tumechoka kabisa alikuwa anacheka mara moja, tunaanza upya." Sauti ikashuka. "Nilijua utalainika. Hata hivyo nilikutaja wewe, si Benigna. Nilisema, Gaudensi akiahidi, ameahidi."

*

Alhamisi Mwajabu alirudi na muuguzi. Muuguzi akabaki garini, mfuko wake mapajani. Mwajabu akaketi mezani, akafungua daftari lake, akauliza akiba kwa jina kamili kauli yake ni ipi.

"Apumzishwe," kisanduku kikasema. "Leo. Nimeona, na sijabadili."

"Mzee Luvanda?" akamgeukia Gaudensi.

Gaudensi alikuwa ameyafikiria haya siku tatu. Alijua kwamba akinyamaza, mambo yataenda yenyewe, na mpaka maziko yapite atakuwa bado na sauti ile kibandani. Siku tatu, pengine nne, za kuitwa kwa jina lake. Alijua pia kwamba akisema, jioni hiyo hiyo hatakuwa na mtu yeyote duniani anayekumbuka ujana wake. Na upande mwingine wa mizani aliona nyumba tupu, baraza bila mtu, akashindwa kutenganisha huruma na woga.

"Napinga," akasema.

Mwajabu akaweka kalamu chini. "Kwa ajili yake, au kwa ajili yako?"

"Sijui, mama. Nikikuambia najua, nitakuwa nimeapa uongo. Nenda ukamuulize mwenyewe. Mimi sitakuwepo. Atakachokuambia ndicho uandike, na kama si kutaka, mwite muuguzi wako."

Msajili akainuka, akatoka barazani na kufunga mlango. Kupitia dirishani Gaudensi na kisanduku walimwona akichuchumaa mbele ya Fausta, koti lake likiburuza sakafuni. Hawakusikia maneno.

"Uliniahidi," kisanduku kikasema.

"Nilikuahidi."

"Na hukuwa umelewa wala kulazimishwa."

"Hapana. Niliahidi nikiwa na akili zangu. Nimeshindwa, Fausta."

"Sikusamehi. Nataka ulijue hilo. Usije ukajisimulia baadaye kwamba nililainika dakika za mwisho."

"Sitajisimulia."

Barazani Fausta alikuwa ameinua mkono akionyesha kitu kule bondeni, na Mwajabu ameugeuza uso kufuata kidole.

"Gaude." Makali yalikuwa yametoka kwenye sauti, kilichobaki ni uchovu mtupu. "Atakapoanza kukupiga, na ataanza, usimfunge kamba."

"Kamba?"

"Mimi nilimfunga mama. Miguu yote miwili, kwenye kitanda. Miaka miwili nilimfunga kila nilipokwenda sokoni, wewe ukiwa vijijini kwenye pampu zako, na mara nyingine sikuwa hata nakwenda sokoni. Nilikuwa nakaa tu hapo nje. Alikuwa ananiita mwizi kwa sababu hiyo. Hakukosea."

Gaudensi alikaa na mwanamke huyu miaka arobaini na mitatu na hakuwahi kulisikia jambo hilo. Akanyoosha mkono, akauweka juu ya kisanduku. Kilikuwa na joto kidogo, kama mota iliyozimwa muda si mrefu.

"Hukuniambia."

"Sikumwambia mtu. Ndicho nilichokikimbia, si ugonjwa. Niliogopa utakuwa kama mimi."

"Sitamfunga."

"Wewe na ahadi zako," kikasema.

Mlango ukafunguka. Mwajabu aliingia, akaketi, akaandika mistari minne bila kuinua uso. Gaudensi hakuuliza ni maneno gani. Alipewa daftari aapie, akaapa mkono juu, akatia sahihi. Msajili akatoa kile kifunguo chembamba.

"Una neno lolote la mwisho, Bi. Fausta?" akauliza. Sheria ilimtaka aulize.

"Hapana," kisanduku kikajibu. "Nimeshasema yote."

Kifunguo kikazunguka. Taa ya jicho ikafifia, ikaisha. Gaudensi alikuwa bado ameweka mkono juu yake, na joto lile lilichukua muda kupoa.

*

Gari liliposhuka kilima, alibaki amesimama uani. Ilikuwa saa tisa. Alifikiri aende kibandani, akaona hawezi kuingia humo leo. Mwishowe akaenda barazani, akakaa upande wa pili wa benchi, machozi yakaanza kumtoka bila sauti, akayaacha.

Fausta akamtazama kwa makini. Akasogea karibu, akamshika kiwiko kama wanawake wa kule wanavyomshika mtu msibani.

"Umefiwa, fundi?"

Gaudensi akaitikia kwa kichwa.

"Na nani?"

"Mke wangu."

"Maskini! Pole. Pole sana." Akampapasa mgongo taratibu, akitikisa kichwa, huku macho yake mwenyewe yakilengwalengwa kwa huzuni ya mtu asiyemjua. "Na hawajaja watu?"

"Hawajaja."

"Basi nipo mimi. Mfiwa haachwi peke yake." Akavuta shuka lake, akamfunika naye nusu ya mabega. Walikaa hivyo muda mrefu. Kisha akauliza, kwa namna watu wanavyouliza kwenye matanga ili moyo wa mfiwa upate njia, "Alikuwa mtu wa namna gani?"

Gaudensi akajifuta uso kwa kiganja. Akamwambia kwamba mkewe alikuwa mpima ardhi. Kwamba siku walipoonana mara ya kwanza, yeye alikuwa amesimama katikati ya uwanja wa shule akirekebisha bomba, na binti mmoja aliyesimama kwa mbali, mwenye darubini ya miguu mitatu, akampigia kelele ahame, kwa sababu amesimama juu ya mstari wake. Naye akakataa. Akamwambia bomba lilikuwa hapo kabla ya mstari.

Fausta akacheka, akaziba mdomo kwa mkono, akaona si adabu kucheka msibani. Lakini alishindwa kujizuia.

"Mkali huyo!"

"Mkali sana."

"Halafu?" akauliza, akijiweka sawa kwenye benchi. "Ulihama?"

"Nilihama," Gaudensi akasema, akaendelea kumsimulia.